Mzee Salum na Swali la Ngerengere

Neema na Juma, siku mliponikatia keki ya kuniaga mliniomba niwaandikie jinsi kazi yetu ilivyoanza, ili wateja wakiuliza msibuni majibu. Nimeanza mara kadhaa, na kila nikianza najikuta naandika habari za Mzee Salum badala ya habari za kazi. Sasa nimeacha kushindana naye. Vyeo sitavitaja, kwa sababu ofisi yetu haikuwahi kuwa na watu wa kutosha kugawana vyeo, na mshahara mnaujua wenyewe.

Kabla ya yote nilikuwa mpiga chapa kiwandani, hapa hapa Morogoro, enzi ambazo king'ora cha kiwanda ndicho kilichotuambia saa. Nilishuka kutoka Matombo na cheti changu cha uhazili, miguuni viatu vya dada yangu. Siku ya kwanza mkuu wa chumba chetu, mama mmoja wa Kipare aliyekuwa mkali kweli, alinifunika mikono kwa kanga pamoja na taipureta yenyewe, akanisomea barua ya ukurasa mzima. "Ukitaka kuchungulia," aliniambia, "nenda jikoni ukachungulie sufuria." Nilikosea karibu kila mstari. Lakini vidole vilijifunza njia yake polepole, na mpaka leo mkizima taa mimi naendelea kuchapa. Ni kitu pekee nilichotoka nacho kiwandani.

Maana ruksa ilikuja, serikali ilipofungulia bidhaa za nje. Maduka yaliyokuwa na viberiti na chumvi tu yakajaa sabuni za kila rangi, redio kaseti zikapangwa mpaka barazani, na mitumba ikatundikwa kwenye uzio wa kiwanda chetu kilichokuwa kikishona nguo. Tulifurahi sana kununua, mpaka tulipogundua kwamba hakuna anayenunua vya kwetu. Mashine zikaanza kusimama, chumba kimoja baada ya kingine, na hatimaye tukaitwa uwanjani tukaambiwa tumepunguzwa. Yule mama wa Kipare alikunja kanga yake, akaiweka kwenye pochi, akaondoka bila kugeuka nyuma. Sijawahi kumwona tena, na bado huwa namtafuta kwa macho nikiwa sokoni.

Nilizunguka mjini na cheti changu mpaka nikaona kibao karibu na soko, kati ya fundi cherehani na muuza vipuri vya baiskeli: Huduma za Uchapaji na Mengineyo. Ndani alikaa mzee mrefu mwenye kofia ya kiua, amezungukwa na waya za redio. Alikuwa mstaafu wa reli, aliyefanya kazi ya kupokea na kupitisha treni stesheni ya Ngerengere karibu maisha yake yote.

"Shikamoo mzee," nilisema.

"Marahaba mwanangu. Unaweza kuchapa bila kutazama?"

"Naweza."

"Basi vizuri. Macho yako utayatumia kuwatazama watu."

Nilimuuliza mengineyo kwenye kibao ni yapi. Akasema nitayaona yakija.

Yalikuja. Nyie mmekuta wateja wa kupiga picha za pasipoti na kuomba ajira mtandaoni, hamkuyakuta mengineyo. Mzee Salum mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa kutega redio za mbali, zile za masafa mafupi. Alinasa kituo cha nchi ambayo hata kuitamka hawezi, akawaandikia kwamba sauti yenu imefika Morogoro, ina mkwaruzo kidogo, na wao wakamrudishia kadi ya picha. Ukuta wote wa ofisi ulikuwa kadi hizo: theluji, minara, ng'ombe wenye manyoya marefu. Kwa sababu yake wakaja watuma salamu, wale waliojaza kadi za salamu za redio na kujipa majina makubwa kuliko wao. Fundi baiskeli aliyejiita Sultani wa Bigwa alikuwa hajakanyaga nje ya mkoa, lakini alijulikana mpaka Kigoma. Akaja mkusanya stempu. Akaja mwalimu wa sekondari aliyebuni mchezo wa mezani, wachezaji wakijifanya msafara wa zamani wa kwenda bara, huyu mpagazi, yule kiongozi, kete zikiamua nani kaumwa na nyoka. Mimi ndiye niliyemchapia kanuni zake, na kila alipocheza na wanafunzi alirudi kubadilisha habari za nyoka.

Watu waliwacheka. Wakati ule kila mtu alikuwa anatafuta biashara, na mtu aliyeonekana anafanya jambo lisiloleta kitu alihesabiwa kuwa ana kasoro. Mzee Salum hakucheka mtu. Aliwasikiliza wote kama treni yao ndiyo inayongojwa. Natamani mngemwona akisikiliza. Alizima redio kwanza, halafu akavua miwani, na mtu akaanza kusema hata yale ambayo hakupanga kuyasema.

Kompyuta yetu ya kwanza ilitoka kwa mtafiti Mzungu wa chuoni aliyekuwa akirudi kwao na hakutaka kuibeba. Ilikuwa nzito, na printa yake ilikuwa na utepe kama taipureta na kelele kama cherehani ya jirani. Tuliifunika kanga kuikinga na vumbi, na mgao wa umeme ulipotukuta katikati ya kazi tulikaa kuitazama kama mgonjwa. Ndani yake mlikuwa na programu ya kupanga koo. Unaandika mtu, baba yake, mama yake, watoto wake, nayo inachora mti mzima.

Mzee Salum alipouona mti wa kwanza ukitoka kwenye printa, karatasi baada ya karatasi zilizoshikana, alikaa chini. Baada ya hapo redio za mbali zilipata wasaa mdogo sana. Alibandika tangazo mlangoni: Tunachora Ukoo. Tulidhani hakuna atakayekuja, lakini walikuja. Mji ulikuwa umejaa watu waliotoka mikoa mingine kufuata viwanda na mashamba ya miwa, na viwanda vilipofungwa wengi walianza kujiuliza kwao ni wapi hasa. Na Waluguru wenzangu walikuwa wanashuka kutoka milimani kwa sababu nyingine: watoto wao walizaliwa mjini na hawakujua nani ni mjomba.

Hapo ndipo programu ilipotutoa jasho. Ilitengenezwa na watu wanaohesabu ukoo kwa baba. Kwetu Uluguru ukoo ni wa mama. Unaweza kubeba jina la baba na kumheshimu vilivyo, lakini shamba, kaburi, na mahali pa kukaa kwenye msiba ni kwa watu wa mama yako. Programu haikutaka kusikia hayo. Iling'ang'ania kufuata mstari wa baba. Tukabuni njia: akina mama tukawaandika kwenye nafasi ya baba. Mti ukakubali, ukashuka vizuri kabisa. Sema tu kwamba mashine iliamini mpaka mwisho wa maisha yake kuwa Uluguru nzima imezaliwa na wanaume.

Njia ya pili ilikuwa ya kaseti. Bibi zetu wa milimani hawangeshuka kuja kuitajia mashine koo zao, na sisi hatukuweza kupanda kila kilima. Kwa hiyo Mzee Salum alimkabidhi dereva wa lori la mboga la Mgeta redio kaseti yenye kanda tupu. Huko juu bibi alikaa na wajukuu, akataja watu wake, na kanda ikarudi na lori, imefukiwa kwenye tenga la kabichi ili isivunjike. Nilikuwa navaa visikilizio na kuchapa, huku kanda inanukia udongo mbichi na majani ya karoti. Nyuma ya sauti ya bibi unasikia kuku, unasikia mtu anapasua kuni, unasikia mvua inaanza na watu wanakimbia kuanua nguo. Nimechapa mengi maishani, lakini zile kanda ndizo ninazozikumbuka mpaka kifua kinauma.

Na kila mteja, awe wa ukoo au wa kudurufu cheti, kabla hajatoka Mzee Salum alimuuliza swali lile lile: "Samahani, kwenu hakuna mwanamke aliyewahi kuolewa Ngerengere na mtu wa reli?"

Watu walitikisa kichwa, wakaenda. Mwanzoni nilidhani ni mazungumzo tu ya mzee. Nilimuuliza alasiri moja, tukiwa tunangoja umeme.

"Mama yangu ni mtu wa huku milimani," alisema. "Sijui mlima gani."

Baba yake alikuwa mtu wa Tabora, mfanyakazi wa reli aliyepangiwa Ngerengere. Alimwoa msichana kutoka Uluguru, na msichana akasilimu, akapewa jina la Zaituni. Wakaachana mtoto hajaota hata jino. Baba alihamishwa, akampakia mtoto kwenye treni, akampeleka Tabora kwa ndugu zake, na mama akarudi kwao. Huko Tabora hakuna aliyemtaja tena. Jina lake la nyumbani hakuna aliyelijua wala aliyejali kulijua. Mzee Salum alipokua akaomba kazi ya reli, na alipoulizwa anataka stesheni gani akasema Ngerengere, ambako wenzake walikuwa wanakukimbia. Kutoka pale kwenye jukwaa, asubuhi kukiwa kweupe, milima inaonekana.

"Tabora mimi ni mtoto wa yule mwanamke wa milimani," aliniambia. "Nikija huku milimani, hakuna anayeniita kitu. Nataka tu kabla sijafa nijue ni watu gani wangeniita mtoto wao."

Mimi nikifika Matombo naitwa na nyumba nne kabla sijatua mzigo. Tangu siku ile swali lake likawa langu. Akiwa hayupo, nilikuwa naliuliza mimi.

Basi ikatokea kwamba ukoo mmoja wa Nyandira, kule juu Mgeta, ulitaka mti wa kubandika ukutani kwenye mkutano wao. Aliyesimamia alikuwa mjomba wao, Bwana Dominiko, mkulima wa kabichi na njegere, mtu mpole mwenye kofia ya sufi hata mjini kukiwa na joto. Mzee Salum alikuwa amekwenda Dakawa kwa familia ya wakulima wa mpunga, kwa hiyo kazi niliifanya peke yangu. Kanda ilitoka kwa mama yake Dominiko, Bibi Veronika, ambaye sauti yake ilikuwa imara kama ya padri. Alitaja: "Dada yangu Leokadia. Mtoto wake, Salum." Jina la Salum halikunishtua. Akina Salum mkoa huu wamejaa, milimani na tambarare, na Mluguru wa Kanisa kuwa na ndugu Mwislamu ni jambo la kawaida. Nikachapa. Mbele kidogo, kwenye watu walio hai, bibi akasema: "Na dada yangu Leokadia, huyu aliyenishikia redio." Nikachapa.

Mashine ikasimama. Ilikuwa na tabia hiyo ikikuta majina mawili yanafanana: inauliza kama hawa ni mtu mmoja. Bwana Dominiko alikuwa amekaa hapo hapo mbele yangu, nikamuuliza yeye. "Hawa akina Leokadia, ni mmoja?"

"Ndiye yule yule," alisema bila kufikiri. "Huyo ni mama yetu mkubwa."

Mtu wa Moshi au wa Mwanza labda angeuliza zaidi. Mimi ni mtoto wa Matombo. Kwetu mtoto akipewa jina la bibi aliyekufa, anapokewa kama bibi: wanaomzidi umri wanamwita mama, dada, shangazi, kulingana na yule marehemu alivyokuwa kwao, na hakuna anayecheka. Mimi mwenyewe nina mpwa ninayemwita babu, na akiwa mdogo nilimwogesha huku nikimwita hivyo. Sikuona ajabu yoyote katika maneno ya Dominiko, wala yeye hakuona ajabu katika swali langu. Nikabonyeza ndiyo, na wawili wakawa mtu mmoja. Nikamuuliza na lile swali la Ngerengere. Akasema hajawahi kusikia. Akalipa, akakunja mti wake, akaondoka kuwahi lori.

Mzee Salum aliporudi aliniuliza kama niliuliza. Nikamwambia niliuliza, na hakuna. Akatikisa kichwa kama alivyozoea, akaenda kufuta vumbi kwenye kadi zake.

Baada ya ule mkutano wao, asubuhi moja ya siku ya soko, aliingia ofisini binti mwenye aproni ya mboga na udongo mpaka viwikoni. Alikuwa amekasirika mpaka pua inacheza, lakini alikuwa amelelewa vizuri.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama," alisema. "Nani hapa kanizalisha?"

Mzee Salum alizima redio. "Marahaba. Kaa kwanza, mwanangu."

"Sikai. Mimi naitwa Leokadia, wa Nyandira. Mmechora mti, mti umebandikwa ukutani, watu wote wamekuja, na wakwe zangu watarajiwa wamo. Wanasoma, wanafika kwangu: Leokadia, mtoto mmoja. Mtoto! Mimi! Mchumba wangu hajasema kitu mpaka leo, anakula ugali kimya kimya tu. Mama yake ndo kasema wazi, posa isimame kwanza mpaka huyo mtoto aonekane yuko wapi."

Nilikuwa nimekwishajua kosa liko wapi. Nilianza kumweleza habari za mashine na maswali yake, lakini alinikata.

"Hayo bibi kashanieleza. Nimelia, akaniambia, usilie dada, mtoto yupo kweli, ila ni wa mwenzako, yule uliyerithi jina lake. Kasema mpaka siku ya ile kanda hajawahi kumtaja kwa mtu, hata mjomba Dominiko habari hizo hazijui, maana mwenzangu mwenyewe alikuwa hataki litajwe, likitajwa haamki kitandani. Alishuka tambarare, akaolewa na watu wa reli, wakamnyang'anya mtoto wakapanda naye treni. Mi nawaonea huruma kweli, lakini mie nataka karatasi yangu irekebishwe. Huyo Salum mtoeni kwangu."

Sikuweza kumtazama Mzee Salum. Nilitazama mikono yake. Ilikuwa imeivua miwani na kuiweka mezani.

"Mtoto anaitwa Salum," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Na huyo mama, kule tambarare walimwita nani?"

"Bibi alisema walimbadilisha jina. Zai... Zaina..."

"Zaituni."

Binti alimtazama mzee, akanitazama mimi, halafu akakivuta kile kiti alichokikataa, akakaa.

Tulipanda siku ya pili, sisi watatu, kwenye lori lililokuwa linarudi na matenga matupu. Mzee Salum alikaa mbele na dereva kwa ajili ya magoti yake. Barabara ile mnaijua: lori linakohoa, upande mmoja mlima, upande mwingine unaona mapaa ya watu yako chini ya gurudumu. Baada ya lori kuna njia ya miguu inayopanda kati ya matuta ya kabichi, na hapo Leokadia alimshika mzee mkono, akampandisha taratibu, akimwonyesha pa kukanyaga. Kila tulipopumzika mzee aligeuka kutazama tambarare tulikotoka. Sikumuuliza anatafuta nini. Reli huioni kutoka kule.

Habari ilikuwa imetutangulia na lori la jana, na Bibi Veronika alitungoja mlangoni na Dominiko, na nusu ya kilima ilikuwa imekuja kutazama. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko sauti yake. Alimshika Mzee Salum mashavuni, akamzungusha uso upande wa mwanga, akatazama masikio. "Masikio yetu," alisema. Ndipo akaanza kulia, na Dominiko akavua kofia yake ya sufi.

Walimweleza yote wakiwa wamesimama. Mama yake alirudi, hakuolewa tena, alilima shamba la upande unaotazama bondeni kwa sababu upande mwingine hakuutaka. Alikufa zamani, Mzee Salum akiwa tayari Ngerengere, akipitisha treni chini ya milima hiyo hiyo. Nilimwona akilipokea hilo. Aliinama kana kwamba amebebeshwa gunia.

"Kwa hiyo nimechelewa," alisema.

"Umechelewa," alisema Bibi Veronika. "Lakini mama yako yupo. Si huyu aliyekuleta?" Akamsukuma Leokadia mbele.

Binti wa watu alikuwa na tenga lake bado begani. Aliona haya, akatazama chini. Na Mzee Salum, ambaye mji mzima ulimwamkia, alivua kofia yake ya kiua, akaishika kwa mikono miwili mbele ya msichana yule muuza mboga.

"Shikamoo mama."

Leokadia alitua tenga. Alimtazama bibi yake, bibi akampa ishara kwa kidevu. Kisha akajikaza, na sauti aliyoitoa haikuwa ile ya kule ofisini.

"Marahaba mwanangu," alisema. "Umekawia. Ingia ule."

Nimestaafu, watoto wangu, na nimekaa chini mara nyingi kujiuliza kama nimewahi kuona jambo zuri kuliko lile. Sijaona.

Posa iliendelea. Mchumba aliposikia mtoto mwenyewe ni mzee mwenye mvi, alicheka mpaka akakaa chini, na mama yake akalazimika kucheka naye. Harusini Mzee Salum alikaa mbele kabisa kama mtoto wa bibi harusi, na bwana harusi akaambiwa aombe ruhusa kwake. Alimkatalia kwa muda mrefu kidogo, akimuuliza kama ataweza kumtunza mama yake, mpaka watu wakaanza kumzomea kwa furaha.

Kazi haikuniacha. Ile programu ilijua kuunganisha watu lakini haikujua kuwatenganisha, kwa hiyo ilinibidi nifute ukoo mzima wa Nyandira na kuuchapa upya. Mzee Salum alikaa kando yangu akinisomea. Tulipofika kwa akina Leokadia, nikaandika wa kwanza, nikaandika wa pili, mashine ikauliza lile swali lake, na nikabonyeza hapana.

"Taratibu," alisema. "Sikuwa na hata mmoja, sasa wamekuwa wawili. Niache nizoee."

Ndiyo sababu nimewasumbua nyie wawili kwa miaka yote hii kuhusu majina yanayofanana. Mashine ikiuliza, msitegemee jibu la mtu wa kwanza aliyekaa mbele yenu. Mtafuteni bibi.

Alifanya kazi na mimi kwa miaka mingine mingi, na alizeeka akiwa amechangamka. Kila baada ya mavuno alipanda Mgeta, na alirudi ananukia moshi, amebeba karoti nyingi kuliko uwezo wa watu wawili kuzila. Redio za hapa mjini zilianza, muziki mtupu asubuhi hadi jioni, na zile za mbali zikapungua moja moja kwenye masafa. Watuma salamu walinunua simu. Sultani wa Bigwa alikufa. Lakini swali lake Mzee Salum hakuliacha. Alikuwa ameshapata jibu, na bado kila mteja akielekea mlangoni alimwita: "Samahani, kwenu hakuna mwanamke aliyewahi kuolewa Ngerengere na mtu wa reli?" Nilipomkumbusha kwamba tulikwishampata, aliniambia anajua. "Nimelizoea," alisema. "Na huenda kuna mwingine anayeulizia kama mimi, ila yeye hana kibao mlangoni."

Alipofariki, mimi ndiye niliyepeleka tangazo la redio. Mnajua yanavyokwenda: habari ziwafikie fulani wa mahali fulani. Nilitaja ndugu wa Tabora, nikataja jamaa wa Ngerengere. Nikataja mama yake, Leokadia, wa Nyandira, Mgeta. Kijana aliyekuwa akiandika aliinua kalamu.

"Marehemu alikuwa mtu mzima sana, mama. Mama yake bado yu hai?"

"Yu hai," nilimwambia. "Leo ni siku ya soko, utamkuta anauza kabichi."

Tulimzika juu, kwa mama yake. Sheikh alipanda kwa lori la mboga, na watu wa misheni ndio waliochimba kaburi na kuuliza kwa adabu kibla kiko upande gani. Leokadia, aliyekuwa na mtoto mgongoni, alimlilia mwanangu, mwanangu, na hakuna aliyegeuka kushangaa.

Juma, siku yangu ya mwisho ulikuwepo. Alikuja yule dada wa kudurufu vyeti, nikamkabidhi karatasi zake, akashukuru, akaelekea mlangoni. Nilikuwa nimeshavaa sweta la kuondokea. Nikasikia sauti yangu inamwita: "Samahani, dada. Kwenu hakuna mwanamke aliyewahi kuolewa Ngerengere na mtu wa reli?" Akasema hakuna, halafu akacheka akauliza kwa nini ofisi hii kila akija anaulizwa hivyo.

Nilimwambia ni utaratibu wa ofisi.

Nilitoka nje haraka kwa sababu machozi yalikuwa yamefika. Namkumbuka sana mzee yule. Mambo mengine yote badilisheni mnavyotaka, mashine, kibao, hata jina. Hilo swali endeleeni kuliuliza.